Waya Juu ya Paa

Mtu wa redio ya ridhaa, yaani azungumzaye na walimwengu kwa mapenzi wala si kwa ujira, huitegemea antena kama mashine yenyewe. Nchini Kenya hana budi kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kisha hukata waya wake kwa hesabu: gawanya 143 kwa megahezi. Megahezi 7 hudai mita 20 na zaidi kidogo.

Siku moja nilipanda juu ya paa huko Ayany, Kibera, pamoja na mwanafunzi wangu, ili tutandaze waya wa kusikilizia. Majumba yamebanana, nafasi haikutosha. Kijana akaona njia fupi: aurushe waya juu ya nyaya za umeme hadi jengo la pili. Nilimshika mkono umekwisha inuka.

"Mwalimu, huu ni waya tu," akasema.

"Na ule nao ni waya tu," nikamjibu.

Tukasimamisha mlingoti katikati ya paa, waya ukateremka pande mbili, mbali na umeme. Usiku milio ya Morse ikatujia, hafifu, kutoka mbali. Kijana aliandika herufi. Mimi niliutazama mkono wake. Nawe, msomaji, kabla hujapima urefu wa waya, pima kwanza utaangukia wapi.