Mbachao wa Kompyuta ya Mama

Wahenga wetu hawakuwa na tarakilishi, lakini waliposema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, nadhani waliziona zikija kwa mbali. Tarakilishi inayouzwa ikiwa imekwisha kuundwa na kukazwa skrubu zote ni nyumba ya namna hiyo. Wengi wetu tunaujua mlango wake tu, yaani kitufe cha kuwashia. Ya ndani tunayauliza siku inapogoma.

Ya mama yangu ilianza kugoma mwaka wa 2025. Mama ana kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi mjini Voi, na kibanda hicho ndicho kinachonilipia karo. Mashine yenyewe ni mtumba kutoka ng'ambo, kazi ya kampuni moja kubwa ambayo jina lake silitaji. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i3-4130, toleo la mwaka wa 2013. Prosesa ndiyo ubongo unaofanya hesabu zote, nayo hukaa juu ya ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi. Basi mteja akileta fomu ya HELB ya kuskeniwa, mashine hujikokota kama kobe mgonjwa, mpaka mteja anavuka barabara kwenda kwa jirani. Mama alikuwa akitabasamu tu, lakini jioni alihesabu sarafu mara mbili, kana kwamba kuzihesabu upya kungeziongeza.

Mwezi wa Desemba zamu yake ya kupokea pesa za chama ikafika. Fundi mmoja wa mjini akamshauri: "Mama, weka madabodi mpya na prosesa mpya. Hii kitu itakimbia kama SGR!" Maneno matamu kweli kweli. Mama alikuwa tayari ameshika mkoba.

Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa redio, akamzuia. "Dada, ngoja kidogo. Kiatu hakinunuliwi kabla ya kupima mguu." Kisha akanigeukia: "Na wewe mpwa wangu, si unasoma fizikia? Lete bisibisi."

Tulianza kwa kupima kabla ya kufungua. Windows ina dirisha linaloonyesha kila kiungo kinavyofanya kazi. Tuliskeni fomu kumi tukitazama. Diski ya zamani, ile inayozunguka, ilifika asilimia 100 na kukwama hapo. Prosesa nayo, yenye viini viwili tu, ilipanda ikagonga dari kila ukurasa ulipogeuzwa kuwa picha. Kumbe wagonjwa walikuwa wawili, na mmoja wao fundi hakumtaja kabisa.

Ndipo tukafungua boksi. Lo! Vumbi jekundu la Voi lilikuwa limejaa kwenye feni kama unga kwenye kinu. Tulipolipangusa, siri za nyumba zikaonekana. Plagi kuu ya umeme iliyoingia kwenye madabodi ilikuwa na pini 8, ilhali madabodi za kawaida za dukani hutaka pini 24. Nyaya za kitufe cha mbele zilifungwa pamoja katika plagi moja ya pekee. Bati la nyuma lilikatwa kufuata ubao ule ule. Kumbukumbu ya muda, yaani ramu, ilikuwa ya aina ya DDR3, na mbao za siku hizi hutaka DDR4 au DDR5. Hata kibali cha Windows kilichokuja na mashine kilifungamana na madabodi ile.

Mjomba akaandika kwenye karatasi: madabodi, prosesa, pawasaplai, ramu, boksi, feni. Mama akaisoma orodha, akaguna. "Sasa hapo kinachobaki ni nini? Jina?" Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu wake. Pesa za chama zilikuwa ndizo karo ya Januari.

Hata hivyo, ubao ule wa zamani ulikuwa na nafasi ambayo haijatumika. Soketi yake ni LGA 1150, na Intel iliunda prosesa nyingi za soketi hiyo. Kitabu cha maelezo cha mashine kiliorodhesha zinazokubalika, mojawapo ikiwa Core i5-4570 yenye viini vinne. Ile ya zamani ilihitaji wati 54, hii inahitaji 84, na pawasaplai yetu iliandikwa wati 290. Tukanunua i5 iliyotumika, pamoja na diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake.

Sitasahau dakika ya kubadilisha. Tulichomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu. Katika soketi hiyo pini ziko kwenye ubao, si kwenye prosesa, nazo ni nyembamba mno. Ukipinda chache tu, huenda ubao ukafa, na kibanda kikafa nao. Mama alisimama mlangoni akishika shingo yake, hasemi neno. Nililinganisha pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa na alama ya soketi, nikaiachilia itue yenyewe bila kuisukuma. Mjomba akafunga wenzo, akaweka dawa ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mbaazi, tukakaza skrubu za feni kwa mkingamo, kidogo kidogo. Tulipowasha, kioo kikaandika Core i5. Mama akasema, "Alhamdulillahi," kisha akauliza kama chai imebaki.

Jambo moja sharti nilieleze kwa haki. Fundi wa mjini hakuwa mwongo. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huhitaji prosesa za Intel za kizazi cha nane au zaidi. Yetu ni ya kizazi cha nne. Kwa hiyo tulijaribu Linux Mint kwa kutumia flashi kwanza, tukaona printa na skana zinaitikia, ndipo tukaiweka. Mama alilalamika siku tatu kwamba vitufe vimehama. Siku ya nne alikuwa akimfundisha mteja.

Leo mashine huamka kabla mama hajatundika mkoba wake. Iko siku ubao ule utazeeka kabisa, nasi tutanunua mwingine pamoja na boksi lake. Lakini salio la pesa za chama ndilo lililonirudisha shuleni Januari, na ndiyo sababu mnasoma makala haya.

Wanachama wenzangu, mzazi wako akiambiwa abadilishe madabodi, muulizieni fundi maswali manne. Ni kiungo gani hasa kinachochelewesha kazi? Soketi hii inapokea prosesa gani nyingine? Plagi ya umeme ina pini ngapi? Ramu iliyopo itaingia kwenye ubao mpya? Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hatakasirika. Majibu yakikubali, nunueni bila hofu. Yakikataa, kumbukeni kwamba waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakumaanisha tukalie mkeka mbovu milele. Walitaka tuujue wetu kwanza.