Kabla Hamjapeleka kwa Mpiga Chapa

Roret, Kericho

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua imenyesha vizuri, majani ya chai yanachipuka, na nyanyako hajambo ila anauliza kila siku utakuja lini.

Nimezisoma kurasa mlizonitumia, wewe na binamu zako, za kijitabu chenu kuhusu nyimbo za Wakipsigis. Habari zenyewe ni tamu. Kinachonikera ni kwamba mwanamuziki Kipchamba arap Tapotuk ametokea mara "Kipchamba", mara "Arap Tapotuk", mara "Bw. Tapotuk". Msomaji asiyetoka kwetu atadhani hao ni watu watatu. Kaeni chini mkubaliane kabla hamjaongeza hata sentensi moja.

Kwa upande wa majina, mimi sina mzaha. Mtajeni kwa jina zima mara ya kwanza, kisha aendelee kuwa Kipchamba. Msiige magazeti yanayoshika jina la mwisho tu: arap ni mwana wa, kwa hiyo ukiandika "Tapotuk aliimba" umempa baba sifa za mwanawe. Neno arap liandikwe kwa herufi ndogo, kama tulivyozoea kwa Daniel arap Moi. Lakini mwenye jina akiamua vingine, mwacheni. Taaitta Toweett, waziri wa zamani na mwanaisimu, aliandika Araap kwa a mbili, na alijua anachofanya, maana irabu ndefu katika lugha yetu si mapambo. Msijifanye kumsahihisha.

Sasa njoo kwenye "Chemirocha". Mmeeleza vizuri kwamba Hugh Tracey alifika Kapkatet, hapa jirani, mwaka wa 1950 na mitambo yake ya kurekodi, na kwamba jina la wimbo limetokana na Jimmie Rodgers, yule mwimbaji Mmarekani aliyefariki 1933 na ambaye santuri zake zilisikika hadi huku. Sawa. Ila rekodi za Tracey zenye jina hilo ni tatu, zimetofautishwa kwa namba za Kirumi. Nyinyi mmeandika "Chemirocha" basi, halafu mnasifu sauti za wasichana. Mtu akienda kuutafuta wimbo huo atapata rekodi nyingine, awaone waongo. Mnaousifu ni "Chemirocha III", wa Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake.

Na huyo Chemutoi atajwe kwa jina, kila mara. Nimechoka na makala ambamo Tracey ana jina, Rodgers ana jina na nchi na mwaka wa kufa, lakini aliyeimba anaitwa "msichana mmoja wa kabila la Kipsigis". Jina lake lilihifadhiwa pamoja na rekodi. Kama mtaweka kanuni moja tu katika kijitabu chote, iwe hii: anayeimba hutangulia, aliyeshika mashine hufuata.

Mwaka wa kwenye mabano uwe wa kurekodiwa, si wa kutolewa tena kwenye CD. Santuri za Chandarana wa pale Kericho mjini nazo mzitaje kwa jina la kampuni na namba ya santuri, ikiwa mnayo mkononi. Kama hamna, msibahatishe.

Mengine ni madogo. Wimbo mmoja uwekwe katika alama za kunukuu, albamu iandikwe kwa italiki. Benga ni herufi ndogo, sawa na rumba na taarabu. Shirati Jazz ya D.O. Misiani ibaki na herufi kubwa kwa kuwa ni jina la bendi, na tafadhali ondoeni ile sentensi inayosema walipiga jazi; wao walipiga benga. Chepkong mwieleze mara moja kwamba ni ala ya nyuzi, kisha mwendelee bila kurudia maelezo.

Najua binamu yako mkubwa anataka Kipsikiis badala ya Kipsigis. Hoja anayo, ndivyo tunavyotamka. Mimi ningebaki na Kipsigis kwa sababu ndivyo watu wanavyolitafuta jina hilo maktabani, lakini amueni wenyewe, mradi nisiyakute yote mawili katika ukurasa mmoja.

Karatasi moja ya makubaliano inatosha. Nitumieni niione kabla hamjaenda kwa mpiga chapa, maana akishapanga kurasa, kila sahihisho analitoza peke yake.

Wako akupendaye,
Mjomba