Mwanangu, Imarisha Nyumba Kabla ya Kuipamba

Bukoba, Kagera

Mwanangu mpendwa,

  Natumaini wewe, mkeo na watoto hamjambo huko Dar es Salaam.

Ramani ya nyumba imenifikia na fedha za msingi nimezipokea. Nimefurahi kuona unarudi kujenga katika kiwanja cha marehemu baba yako. Ila umeandika kwamba fundi amekushauri uache mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, upunguze na nondo, ili ibaki fedha ya marumaru. Ushauri huo usiufuate, mwanangu. Nakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa mwaka 2016, tulipopigwa na tetemeko, hukuwepo hapa.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba, yapata saa tisa na nusu alasiri. Ardhi ilinguruma, kisha ikatikisika kwa nguvu ambayo wengi wetu, hata wazee, hatukuwahi kuiona. Mtikisiko wenyewe ulipita kwa sekunde chache. Ulipotulia, vumbi lilikuwa limetanda juu ya kata za Hamugembe na Kashai hapa Bukoba, na watu wanaitana majina wakitafuta watoto wao. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na chimbuko lake lilikuwa upande wa Missenyi, kiasi cha kilomita 40 chini ya ardhi. Lilisikika hadi Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Watu wasiopungua 17 walifariki na mamia walijeruhiwa. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Usiku ule, na siku zilizofuata, familia nyingi zililala nje kwa kuhofia mitikisiko midogo iliyokuja nyuma yake.

Wapo waliosema ni adhabu kwa dhambi za watu wa Kagera. Maneno hayo usiyapokee wala usiyarudie, kwani yanawaumiza waliofiwa. Ardhi ya Afrika Mashariki inaachana polepole, milimita chache kwa mwaka, na kupasuka huko ndiko kulikozaa Bonde la Ufa. Tawi lake la magharibi limepita kwenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, nasi tuko mashariki yake. Miamba hukazana kwa miaka mingi, kisha siku moja huachia. Rukwa ilipata tetemeko kubwa sana mwaka 1910, na Ziwa Tanganyika likapata la 6.8 mwaka 2005. Kwa kuwa kwetu Bukoba matetemeko hayaji mara kwa mara, tuliishi kana kwamba hayatuhusu, tukajenga hivyo hivyo.

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Kilichoua watu wetu zaidi ni kuta zilizowaangukia. Babu zetu waliishi katika msonge wa miti na nyasi, nyumba nyepesi inayoyumba bila kumponda aliye ndani. Sisi tukahamia kwenye matofali ya kuchoma, jambo jema, lakini wengi tuliyaunga kwa udongo mtupu, bila nguzo wala mkanda wa kuzifunga kuta pamoja. Ukuta wa namna hiyo hubeba paa vizuri miaka yote, lakini ukisukumwa kutoka ubavuni huachana na mwenzake kwenye kona na kuanguka.

Kwa hiyo, nyumba yako ijengwe hivi. Msingi ushuke hadi kwenye ardhi ngumu. Matofali yaungwe kwa saruji na mchanga safi. Kila kona iwe na nguzo ya zege yenye nondo. Linta, yaani huo mkanda wa zege, izunguke nyumba nzima bila kukatika, usikubali vipande vilivyowekwa juu ya madirisha peke yake. Kenchi zifungwe imara kwenye kuta, na paa liwe la mabati. Ukuta wa pembetatu chini ya paa usiuinue kwa matofali matupu, maana huo huanguka mapema. Kabla ya yote, mlipe mhandisi aikague ramani. Fedha ikipungua, punguza chumba kimoja. Marumaru utaweka hata baada ya miaka mitano, lakini nondo haziingii tena zege likishakauka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Na huko uliko usijione uko salama kabisa. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 Dar es Salaam nayo ilitikiswa na tetemeko la baharini, watu wakakimbia kutoka maghorofani. Wafundishe watoto mapema. Wakiwa ghorofani wasikimbilie ngazi wala lifti. Waingie chini ya meza imara, wakinge kichwa, wajishikilie mpaka kutulie, na wakae mbali na vioo na makabati. Wakiwa nje, waepuke kuta na nyaya za umeme. Kukitulia, zimeni gesi, tokeni kwa utaratibu, na nyumba iliyopasuka msiirudie kabla mtaalamu hajaikagua. Ujumbe wa simu unaotaja saa ambayo tetemeko jingine litakuja usiusambaze. Hakuna mtu duniani awezaye kutaja siku na saa yake.

Mwanangu, hatujui ni lini ardhi itatikisika tena, lakini namna ya kujenga tunaijua. Mwambie fundi wako kwamba mkanda wa zege lazima uwepo, na kama hataki, mtafute mwingine. Nasubiri jibu lako kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Mungu awalinde.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa