Mwendesha baiskeli anapoingia ziwani: Mtu habadili fani peke yake



Kubadili kazi katikati ya umri si jambo geni katika jamii yetu. Mwalimu huacha chaki akashika jembe, mvuvi huuza nyavu akanunua pikipiki, mkulima wa kahawa huacha mibuni akafungua duka. Tusilolizungumza sana ni kwamba anayebadili kazi habadiliki peke yake. Mke, watoto, mama na ndugu hubadilika pamoja naye: ratiba za nyumba, mapato, hata hofu za usiku. Na mara nyingi wao hupewa taarifa jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Leo tunaandika juu ya badiliko lililotufika sisi wenyewe, ndugu watano tuliozaliwa Mbamba Bay na kukulia kati ya ufuko huo wa Ziwa Nyasa na milima ya Mbinga.

Kitindamimba wetu ni mwendesha baiskeli. Kwa miaka tisa amewalisha mke na watoto wake wawili kwa posho ya timu iliyomsajili na kwa zawadi za mashindano. Nguvu zake hakuzitoa mbali. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ina kilomita zipatazo 66, nayo huteremka kwa kona kali kutoka nchi ya mibuni na ngoro za Wamatengo mpaka ufukoni, ambako uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kabla lami haijafika, yeye aliipanda njia hiyo kwa baiskeli ya kawaida, mzigo wa usipa wakavu ukiwa umefungwa nyuma yake. Mlima ulimfundisha subira kabla hajamjua kocha yeyote.

Mwaka jana, baada ya Idd, alituomba tukutane kwa mama. Akasema amefikia umri wa miaka 32, na anataka kuziacha mbio za baiskeli aingie katika triathloni ya masafa marefu. Neno hilo lilikuwa geni kwa baadhi yetu, basi akalifafanua. Ni michezo mitatu inayofuatana siku moja bila mapumziko: kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima, yaani kilomita 42.2. Mashindano ya masafa hayo yalianzia katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mwaka 1978. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12. Mtu wa Ruvuma akitaka kuyapima masafa hayo, na akumbuke kwamba baiskeli peke yake inazidi safari ya kutoka Mbamba Bay hadi Songea; naye anayefika huko bado anadaiwa marathoni.

Sisi wakubwa tuliuliza habari za fedha. Mama hakuuliza chochote juu ya fedha. Yeye alisikia neno moja tu, kuogelea. Baba yetu alikuwa mvuvi wa usipa. Alitoka usiku na karabai kama wavuvi wenzake, ukavuma upepo wa mwera, na hakurudi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tangu siku hiyo mama anaishi hatua chache kutoka majini na hajapanda chombo. Sasa mwanawe wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita wakati ule, anamwambia kwamba riziki yake iko ndani ya maji hayo hayo.

Hatukuamua siku ile. Tulikubaliana kwanza tutafute habari za waliopita njia hiyo au njia iliyo jirani nayo, ili shauri letu lisimame juu ya elimu, lisisimame juu ya hofu wala tamaa.

Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, aliye karibu zaidi na habari hii ni Mkenya Suleiman Kangangi. Alikuwa miongoni mwa waendesha baiskeli hodari wa barabarani katika eneo letu, akaiendeshea timu ya Bike Aid ya Ujerumani, na mwaka 2017 akashika nafasi ya tatu katika mashindano ya kuizunguka Rwanda. Baadaye hakwenda kwenye triathloni, bali aligeukia mbio za njia za changarawe, akawa nahodha wa Team Amani, timu inayowakusanya waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Badiliko hilo lilimfungulia mlango yeye na vijana waliomfuata. Tarehe 27 Agosti 2022, akiwa mashindanoni katika jimbo la Vermont, Marekani, alianguka na kufariki dunia akiwa na umri wa miaka 33. Aliacha mke na watoto.

Tulilisoma jambo hilo kwa sauti mbele ya mama na mbele ya shemeji yetu, kwa kuwa kumficha mke habari kama hiyo ni kumdhulumu. Shemeji alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Kumbe hatari haikuwa ziwani tu. Miaka tisa yote hii nilikuwa nikiishi nayo barabarani.” Kauli hiyo iliyageuza mazungumzo yetu. Tulikuwa tukilinganisha kazi salama na kazi ya hatari. Kumbe tulikuwa na hatari mbili mbele yetu, moja tuliyoizoea na nyingine tusiyoizoea.

Aliyeipita njia yenyewe hasa ni Cameron Wurf, mzaliwa wa Hobart, Australia. Huyu alianza na makasia, akashiriki Olimpiki za Athens mwaka 2004. Kisha akahamia baiskeli na kufikia timu kubwa za Ulaya, ikiwamo Cannondale. Baada ya hapo akaingia triathloni ya masafa marefu. Mwaka 2017, katika mashindano ya dunia huko Kona, Hawaii, aliivunja rekodi ya sehemu ya baiskeli. Mwaka 2018 aliivunja tena, akizimaliza kilomita 180 kwa saa 4, dakika 9 na sekunde 6.

Msomaji atadhani kwamba alishinda. Hakushinda. Mwaka 2017 alimaliza wa 17, na mwaka 2018 wa 9. Mwaka 2019 akapanda hadi nafasi ya 5. Mtu ambaye hakuna aliyemfikia juu ya baiskeli alipitwa mmoja baada ya mwingine aliposhuka na kuanza kukimbia. Mwaka 2020 alisajiliwa na timu ya Ineos, akawa tena mwendesha baiskeli wa kulipwa huku akiendelea na triathloni.

Habari hii tuliirudia mara nyingi, maana ndani yake mna jambo ambalo kila anayebadili fani hulikuta. Ustadi wa fani ya kwanza huja nawe katika fani ya pili, lakini haukai kwenye kiti kile kile. Kule ulikuwa bwana wa nyumba, huku ni mgeni mwenye zawadi nzuri.

Mdogo wetu alitueleza sababu zake. Katika mbio za barabarani waendeshaji hukaa katika kundi, na anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa upepo, akatumia nguvu chache kuliko aliye mbele. Timu ina wa kuleta maji, wa kukinga upepo na wa kumfikisha nahodha kwenye mstari. Katika triathloni ya masafa marefu kukaa nyuma ya mtu kwa kukaribiana ni kosa lenye adhabu. Kila mmoja huukata upepo wake mwenyewe. Aliyezoea kuumaliza uwezo wake juu ya kilima kimoja, akijua kwamba mstari wa mwisho uko mbele yake, sasa hana budi kujizuia, kwa kuwa marathoni inamngoja. Tena pedali haiupigi mguu chini. Moyo na mapafu ya mwendesha baiskeli vinaweza kuwa imara, na bado mifupa na mishipa ya miguu yake haijazoea kishindo cha kilomita 42. Basi hujifunza kukimbia polepole, kidogo kidogo, kwa miezi mingi, ili asivunjike.

Na kuogelea? Hapo ndipo alipokutana na jambo asilolitarajia. Mtoto wa ufukoni huamini kwamba anajua kuogelea, naye kweli anajua, kwa kiasi cha kutosha kurudi nchi kavu. Lakini kuogelea kichwa kikiwa juu, miguu ikizama nyuma, ni kupigana na maji. Katika maji nguvu za mapaja hazisaidii sana. Kinachosaidia ni mwili kulala sawa, mkono kuvuta vizuri na pumzi kutoka kwa mpango. Aliyemfundisha ni kijana wa chuo, mdogo wake kwa zaidi ya miaka kumi. Wiki za mwanzo watoto wa mtaani walikuwa wakimpita. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi Songea na Dar es Salaam alitoka majini akitapika maji, na kijana yule akamwambia: “Kaka, tuanze tena.” Akaanza tena. Sisi tuliomjua tangu utotoni tulifahamu siku hiyo kwamba nia yake ni ya kweli.

Baada ya miezi mitatu ya kutafuta na kuuliza tulikutana tena, na hapo tukaweka masharti. Hatukuyaandika kama mkataba, ila kila mmoja aliyasikia.

Sharti la kwanza lilikuwa la mama. Mwanawe hataingia ziwani bila mtumbwi pembeni yake, na mpiga kasia atakuwa mjomba wetu, ambaye anaijua mwera kabla haijafika. Katika miezi ya upepo huo hatatoka nje ya ghuba. Atakaa mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba. Na kwa kuwa kichocho kipo katika ziwa letu, hasa kwenye maji tulivu ya kando yenye konokono, atapimwa na kutibiwa kila inapobidi. Mama hakusema kwamba ameridhika. Alisema ameyataja aliyo nayo.

Sharti la pili lilikuwa la shemeji. Fedha ya chakula na ada za watoto itatengwa kwanza, kabla ya viatu, nauli na ada za mashindano. Kwa hiyo mumewe hataiacha timu yake mara moja. Ataendelea kushindana kwa baiskeli katika kipindi cha kujifunza, na baada ya misimu miwili tutakaa tena kutazama. Lengo la kwanza nalo liwe la karibu. Tangu mwaka 2022 kumekuwa na mashindano ya nusu ya masafa hayo huko Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90 na kukimbia 21.1. Si lazima kijana wa Nyasa aanze kwa kutafuta viza ya Ulaya.

Sharti la tatu lilikuwa letu sisi ndugu, nalo lahusu dini yake. Nguo za mchezo huu hubana na huishia juu ya goti, ilhali sitara ya mwanamume ni kati ya kitovu na magoti. Tulikubaliana avae ndefu na pana zaidi kadiri kanuni za mashindano zinavyoruhusu, na pale ambapo haziruhusu, asishiriki. Mashindano huanza alfajiri, na mshiriki wa kawaida huwa njiani mpaka alasiri au usiku. Tulimwendea shekhe wetu, akatufafanulia ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya swala, akasisitiza kwamba ruhusa ni ya kuiwepesisha ibada na kamwe si ya kuiacha. Mdogo wetu alihesabu dakika ambazo angesimama kuswali. Akacheka, akasema kwamba wapo wanaopoteza zaidi ya hizo kwa kufunga kamba za viatu.

Wazazi wenzetu watauliza kama ni busara kumsaidia mtu wa miaka 32 kuanza upya. Jibu letu ni kwamba linalotakiwa kutazamwa kabla ya umri ni ukweli wake. Je, amesema wazi kitakachopungua nyumbani? Je, yuko tayari kufundishwa na mdogo wake? Je, wanaobeba hofu yake wamepewa nafasi ya kuitaja na kuiwekea masharti? Kijana akikosa haya, hata biashara ya duka itamshinda. Akiwa nayo, familia inaweza kusimama naye hata kama hatashinda kamwe, kwa kuwa hakuna atakayesema amedanganywa. Wala msingi huu si wa wanamichezo tu. Anayeacha ualimu kwa ajili ya kilimo, au uvuvi kwa ajili ya bodaboda, anaitwa kwenye baraza lile lile.

Sasa amemaliza msimu wa kwanza. Anaogelea kilomita mbili bila kusimama, na safari yake ndefu zaidi ya kukimbia ni kilomita 18, chini ya nusu ya anachodaiwa. Katika mbio za baiskeli za mwaka huu aliteremka nafasi kadhaa, na zawadi zimepungua. Shemeji amepanua bustani yake ya mboga. Asubuhi za mazoezi, mara baada ya swala ya Alfajiri, mama huketi ufukoni na tasbihi yake mpaka mtumbwi wa mjomba urudi. Hajapanda chombo, na hatumwombi apande.

Tunawaomba wasomaji dua. Allah amlinde kijana wetu na vijana wenu, barabarani na majini, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa kushauriana kabla ya kuamua. Amin.