Saini ya Katikati

Dodoma nilikwenda kwa vikao, na vikao havina la kusimulia. Kilichonikera kilikuwa Soko la Majengo, nilikopita kununua zabibu kabla ya kupanda treni.

Juu ya meza ya jezi za mitumba palikuwa na mpira wa miguu uliojaa saini za maka peni. Mimi na vitu vya aina hiyo ni ugonjwa.

"Shikamoo mzee. Huu bei gani?"

"Marahaba, mwanangu. Huo hauuzwi. Ni wa kuitia wateja. Tazama jezi."

Ulitoka Uwanja wa Jamhuri, akasema. Timu moja ya Dar (siitaji, mashabiki wake ni wepesi wa ugomvi) ilikuwa ikipasha misuli, shuti likapaa hadi jukwaani, yeye akaudaka. Kwetu mpira wa jukwaani hurudishwa. Naye aliurudisha, ila baada ya mechi, mlangoni mwa basi, na wachezaji wakamwambia achukue, wakautia saini. Niliamini nusu.

Nikaugeuzageuza. Katikati palikuwa na saini kubwa kuliko zote.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

Nilikasirika kama vile mpira ni wangu. Nikamweleza habari za besiboli ya Marekani: mpira ukiangukia kwa watazamaji, aliyeudaka anaondoka nao. Ule wa mchezaji Shohei Ohtani, wa mwaka 2024, uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Tangu 2001 ligi yao ina mashahidi uwanjani wanaobandika stika maalumu ili mtu asiuze uongo. "Wewe umejiandika mwenyewe, mzee. Thamani umeiua."

"Huko kwao, aliyedaka jina lake wanaliandika wapi?"

Hapo nilikwama kidogo, nikamletea kesi ya watazamaji wawili, Popov na Hayashi. Mwaka 2001, mpira wa homurani ya 73 ya mchezaji Barry Bonds msimu huo ulimfikia Popov kwenye glavu, umati ukamwangukia, Hayashi akauokota chini. Popov akamshtaki. Jaji akaamuru uuzwe wagawane nusu kwa nusu. Ukauzwa dola 450,000, kiasi ambacho hakikutosha hata kutuliza hasira za mawakili wao, nadhani.

Mzee alisikiliza kwa makini kuliko nilivyomsikiliza yeye. "Sasa unaona? Mimi sina kesi. Jina lipo."

Kisheria ni upuuzi. Lakini nilianza kumpenda, na ile saini ya katikati ikaacha kuniuma. Wachezaji wale wamehama timu, wengine hata mashabiki wamewasahau; aliyedaka bado yupo sokoni, anauza.

Mama wa karanga wa meza ya pili akadakia, "Mwambie na ukweli basi! Ulinigonga mimi mkononi kwanza, ndiyo ukakurukia. Lete hiyo kalamu na mimi nitie yangu."

Mzee akauvuta mpira, akaufukia chini ya rundo la jezi, akaniuliza kama nanunua au sinunui.