Dashibodi ya Carina imepauka, tunaifanyaje?

Najua nimepotea, mara ya mwisho niliandika kabla ya UE. Nilikuwa nyumbani Dodoma likizo nzima, na kama kuna mtu anadhani nilikuwa nakula zabibu tu na kulala, hebu aje aone kucha zangu. Wiki mbili nimeshinda ndani ya gari. Siyo kuendesha, leseni yenyewe sina. Nilikuwa nahangaika na plastiki.

Gari lenyewe ni Toyota Carina Ti, zile zilizotengenezwa Japani kati ya 1996 na 2001, mnazijua, kila mtaa wa Tanzania ina lake. Lilikuwa la baba. Baba alifariki 2021, na tangu hapo gari likawa limekaa tu uani, juani, likiwashwa mara moja moja ili betri isife. Mama alikuwa hataki hata kusikia habari ya kuliuza. Mwaka huu mdogo wangu kapata nafasi chuo cha afya, ada inatakiwa, na boom langu mnalijua wenyewe, lenyewe halinitoshi. Basi mama akasema liuzwe.

Akaja dalali. Akazunguka gari, akapiga piga matairi, injini ikawashwa mara moja, safi kabisa. Akafungua mlango, akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Mama, ndani pamechoka. Nitakupa milioni nne." Kisha akamvuta mama pembeni: akipewa siku moja atapuliza dawa ndani, ing'ae kama imetoka bandarini jana, atalipandisha kwa mteja mpaka milioni tano, wagawane kinachozidi.

Mama akaniuliza, "Wewe si unasoma kemia? Hiyo dawa ni kitu gani?" Na kweli, mimi nachukua ualimu wa kemia na biolojia, kwa hiyo swali likawa langu.

Tuanze na neno lenyewe. Waswahili tunasema plastiki "imepauka", neno lile lile tunalotumia kwa ngozi ya mtoto aliyeoga akakosa mafuta. Ndiyo maana kila mtu dawa yake ni mafuta. Jirani mmoja alishauri Vaseline, mwingine mafuta ya nazi, mwingine akasema yeye hutumia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Na ukipaka, kweli inakuwa nyeusi palepale! Kesho kutwa inarudi ileile, tena na vumbi limeganda juu.

Ngozi iko hai, inajitengeneza upya. Plastiki haijitengenezi. Plastiki ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Jua linapoipiga miaka na miaka, miale ya urujuanimno ikishirikiana na oksijeni ya hewani inakata ile minyororo pale juu juu. Kioo cha gari kinazuia sehemu kubwa ya miale hiyo lakini si yote. Sehemu ya juu ya plastiki inaanza kumomonyoka na kupata vishimo vidogo sana ambavyo macho hayavioni, na mwanga ukipiga pale unatawanyika ovyo. Huo mwanga uliotawanyika ndio ule weupe weupe mnaouona. Mafuta yanajaza vishimo kwa muda, mwanga unatulia, tunafurahi. Yakikauka au yakifutika, tumerudi tulikotoka.

Halafu Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda kila mita 1,000 miale hiyo inaongezeka kwa kama asilimia 10. Ongeza na joto. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona State University na University of California San Diego huko Marekani walitoa matokeo ya kupima magari yaliyoegeshwa juani siku za joto kali: ndani ya saa 1 tu dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za sentigredi, usukani 53, viti 51. Carina yetu ilikaa hivyo zaidi ya miaka mitatu. Acheni ipauke.

Nikamwambia mama: dawa ya dalali ni silikoni, inang'arisha tu. Atakayenunua ataiona rangi halisi baada ya kuliosha mara mbili. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Baba yako hakuwahi kumuuzia mtu kitu cha namna hiyo. Kama unaweza kutengeneza, tengeneza. Kama huwezi tuuze kwa hiyo nne."

Haya, kazi ikaanza. Nawaandikia hatua kwa hatua kwa sababu najua wapo humu wenye baba wenye Corolla za namna hiyo hiyo.

Kwanza uchafu. Sabuni ya maji kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, brashi ndogo ya rangi kwa matundu ya AC. Kitambaa kikamuliwe, msimwagie maji maredio na swichi. Siku nzima ya kwanza ilikuwa hiyo tu, na nusu ya "kuchoka" kulikosemwa na dalali kukatoka na maji. Ilikuwa vumbi na mafuta ya mikono ya miaka yote hiyo. Kuna watu wananunua rangi wakati walihitaji sabuni ya shilingi elfu moja!

Pili, kujua plastiki gani ni ipi. Fundi mmoja wa mtaani alinisaidia kubandua vipande vya milangoni na vile vya kuzunguka gia (elfu ishirini yake, na alinifundisha vibanio vinavyofichwa wapi, maana ukivuta kwa hasira vinakatika). Geuza kipande, kwa nyuma mara nyingi kuna maandishi madogo yaliyochongwa: PP, ABS, PVC. Nilifurahi kama mtoto, wadau. Yale madude ya kwenye daftari la polima yameandikwa nyuma ya mlango wa gari la baba!

Hapa ndipo wengi wanaumia. PP, yaani polipropilini, haishikani na rangi. Molekuli zake hazina polariti, rangi haina pa kujishika, baada ya miezi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Lazima kwanza upulize praima yake maalumu ya plastiki. ABS ina afadhali. PVC ni ile laini laini ya juu ya dashibodi, yenyewe inataka rangi inayonyumbuka, siyo ile ya mageti.

Vitu nilinunua Gerezani, kwa maelekezo ya yule fundi: praima 15,000, rangi ya kupuliza makopo mawili 24,000, spirit na tepu ya karatasi na vitambaa 8,000, brashi 2,000. Jumlisha na ya fundi, 69,000. Boom likalia.

Rangi niliijuaje? Hii ndiyo sehemu ambayo imenikaa moyoni. Katikati ya dashibodi baba alibandika kishikio cha simu, kile cha gundi, na kilikuwa hakijawahi kutoka pale. Nilipokibandua, chini yake palikuwa na duara ndogo, kijivu iliyokolea kabisa, rangi ambayo gari lilikuwa nayo lilipofika nyumbani nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimeshaisahau. Nikapiga picha, nikamtumia muuza rangi, akanichagulia inayokaribia. Mama alipita akaiona ile duara, akaigusa kwa kidole, akaendelea na shughuli zake. Hatukuongea kitu.

Tatu, kuandaa. Futa vipande kwa spirit ili mafuta ya zamani yatoke, lakini jaribu kwanza sehemu isiyoonekana maana spirit inaweza kutoa rangi ya kiwandani. Kisha sugua taratibu kwa kile kisugulio cha kijani cha kuoshea vyombo. Msasa mkali hapana, utafuta ile michoro ya ngozi iliyo juu ya plastiki na hairudi tena.

Nne, kupuliza. Kivulini, pasipo na upepo, mdomo na pua vimefunikwa. Tabaka jembamba, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, jembamba tena. Mimi nilienda tabaka nne. La kwanza linaonekana baya kabisa, madoa madoa, na hapo ndipo mtu anashawishika kumwaga rangi nyingi mpaka itiririke. Vumilia. Na chagua rangi isiyong'aa. Dashibodi inayong'aa inajitazama kwenye kioo cha mbele, dereva anaendesha huku anaona kivuli chake badala ya barabara. Kwa sababu hiyo hiyo msipulize silikoni kwenye usukani na pedeli, panateleza.

Kitu cha tano nilikiacha makusudi: kifuniko cha mfuko wa hewa, palipoandikwa SRS, upande wa abiria na kwenye usukani. Kile kimetengenezwa kipasuke siku ya ajali. Ukikipaka rangi au ukikibandika ngozi unaweza kukizuia au kuvuruga kinavyofunguka. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji basi. Ukiangalia vizuri rangi imetofautiana kidogo na sehemu nyingine. Ibaki hivyo hivyo.

Baada ya siku mbili za kukauka tukarudisha vipande. Wadau, sijisifii, lakini fundi mwenyewe alikaa kimya kidogo, halafu akasema "dada, ukikosa ajira ya ualimu njoo." Kha! Tuombeane mema jamani.

Ila kuna vitu viwili havikupona. Kitambaa cha mlango upande wa dereva jua limeshakula nyuzi zenyewe, pale ni fundi wa viti kubadilisha. Na juu ya dashibodi, karibu na kioo, kuna ufa wa kama sentimita 20. PVC laini inawekewa kemikali za kuilainisha, na kwa joto la miaka mingi zinatoka taratibu (ule ukungu unaoganda kwenye kioo kwa ndani mara nyingi ni hizo). Zikiisha plastiki inakuwa ngumu, inasinyaa, inapasuka. Ufa unaweza kuujaza na kuupaka, lakini alama haifichiki sana na jua likipiga unaweza kufunguka upya. Dalali alipopita tena alishauri niweke lile zulia la manyoya la kufunika dashibodi, "mteja hatalifunua".

Zulia hatukuweka. Alipokuja mnunuzi, bwana mmoja anayefanya biashara ya zabibu, mama mwenyewe ndiye aliyemwonyesha ufa kabla hajauliza bei. Na akamweleza kuwa rangi ya ndani imepakwa na binti yake, kwa praima, na ni sehemu zipi. Yule bwana akacheka, akaupitisha kidole ule ufa, akasema huu ni laki moja nipunguzieni. Mama alitaka 4,800,000. Likaondoka kwa 4,700,000, bila dalali.

Kwa hiyo hesabu yetu hiyo hapo. Ukweli ulitugharimu laki moja, kazi ya mikono ikaleta laki saba zaidi ya bei ya dalali. Ada ya dogo ya mwaka huu imeshalipwa na iliyobaki mama ameiweka.

Nilichojifunza ni kwamba kitu kikipauka, kabla hujakimbilia kopo jiulize maswali matatu. Ni uchafu? Osha. Ni sura ya juu iliyoharibika? Andaa upake, kwa subira. Ni kitu chenyewe kimevunjika? Badilisha, au mwambie anayenunua. Silikoni inayajibu yote matatu kwa jibu moja, ndiyo maana inapendwa.

Na mwenye gari ambalo bado ni zima, kinga ni rahisi kuliko hayo yote: liegeshe kwenye mti, weka lile karatasi la fedha kwenye kioo cha mbele kila unaposhuka, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na ukinunua dawa ya kupaka tafuta ya maji yenye kinga ya jua.

Mimi nimerudi Mabibo na kipande kimoja cha plastiki ya mlango kwenye begi. Siyo cha Carina yetu, nilikiokota kwa wauza vyuma chakavu kwa elfu mbili. Nusu nimekipaka, nusu nimekiacha kimepauka vile vile, nyuma kimeandikwa PP. TP ikifika nitaingia nacho darasani, nimuulize mwanafunzi wa kwanza atakayekigusa: hizi nusu mbili zimetofautiana nini? Mwenzangu wa chumbani ameshaniuliza mara mbili kama hilo dude ni la kutupa. Nimelificha chini ya kitanda.

Haya, usiku mwema wadau. Kesho saa moja nina kipindi.