Nilikutumia mtoto mwenye miguu miwili



Leo hatuandiki juu ya sabuni wala juu ya akiba ya chama. Tunaandika juu ya mguu wa binti mmoja, mwanafunzi wetu, na juu ya kosa ambalo sisi wenyewe, mwalimu wake, tulilifanya. Mama yake ametupa ruhusa, mradi tusitaje jina.

Sisi tunafundisha Kifaransa. Lakini shule haina mwalimu wa michezo, basi saa za michezo pia tumepewa sisi. Mwaka jana, miezi miwili kabla ya 30 Aprili, sikukuu ya walimu, tulikuwa tunatafuta wasichana wa kukimbia kwenye mashindano. Huyu binti anatoka kijiji cha njia ya Kabambare. Kila siku anakuja shule kwa miguu, bila viatu, na akichelewa anakimbia. Siku tuliyowapima watoto aliwaacha nyuma hata wavulana. Tukaona ushindi mbele ya macho.

Tukaanza kumkimbiza kila jioni, siku sita kwa juma, juu ya njia ngumu ya udongo mwekundu. Baadaye tukachanga feza na walimu wenzetu, tukamnunulia sokoni viatu vya michezo vilivyokwisha kuvaliwa. Vilikuwa vyembamba, na soli ilikuwa imelika upande mmoja. Lakini vilingaa, na sisi tulijisifu. Majuma mawili yakapita, mtoto akasema muundi unamuuma. Tukamjibu: «Vumilia, mkimbiaji halii.»

Siku nne kabla ya mashindano alishindwa kukanyaga chini. Nyumbani jirani alimkanda kwa nguvu kwa maji ya moto. Usiku ule hakulala.

Asubuhi mama yake alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Mwalimu, nilikutumia mtoto mwenye miguu miwili. Sina mwingine wa kwenda kisimani.» Tulikosa jibu.

Tulienda pamoja hospitalini. Daktari alibonyeza muundi kwa kidole kimoja, na mtoto akaruka kwa maumivu. Alituelezea kwamba mfupa unaopigwa chini mara nyingi bila kupumzika unachoka na kuanza kupasuka kidogo kidogo, na kwamba picha ya kwanza mara nyingine haionyeshi kitu. Akaamuru majuma sita bila kukimbia, bila kubeba mzigo, bila shamba. Majuma yale sita yalimwangukia mama. Kila Jumamosi tulienda naye kisimani, na hapo ndipo tulijua uzito wa bidoni ya lita 20 kichwani pale njia inapopanda.

Tangu siku ile tuliuliza waganga, tukasoma, na haya ndiyo tunawaletea.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Mapafu yanazoea mbio upesi. Mfupa na mishipa inayoufunga inahitaji majuma mengi. Mtoto aongezewe kidogo tu kila juma, na asikimbie siku mbili za kufuatana mpaka mwili uzoee. Kabla ya mbio atembee haraka na kukimbia polepole dakika kumi. Uwanja wa majani ni bora kuliko njia ngumu. Na tuhesabu pia kazi ya nyumbani: binti aliyebeba mihogo asubuhi na maji mchana, miguu yake imekwisha kufanya mazoezi.

Kosa la pili ni viatu. Wengine watasema: Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Lakini alikuwa amezoea hivyo, na mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, sasa akiwa na viatu. Si kiatu wala kukosa kiatu kunakoumiza. Mabadiliko ya ghafula ndiyo yanaumiza. Mtoto aliyezoea kukanyaga chini avae viatu vipya dakika chache kwanza, kisha nyingi zaidi, siyo karibu na mashindano. Lakini tusidharau viatu: vinamkinga na miiba, funza, minyoo, na kidonda kinachoweza kuleta pepopunda.

Mama anayechagua sokoni aende jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Mtoto avae vyote viwili na asimame: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Viwekwe juu ya meza. Kikilala upande mmoja, kiacheni. Mkikikunja, kipinde pale vidole vinapoanza, siyo katikati. Kiatu kisichong'aa lakini kinachomwenea ni bora kuliko kizuri kinachobana. Na kandambili si za mbio. Nyingi za ajali za kifundo cha mguu tunazoona hapa shuleni zinaanzia hapo.

Tatu, miguu iwe na nguvu. Hii haina bei. Mtoto asimame kwa ncha za vidole na kushuka polepole mara kumi na tano, arudie mara tatu. Akiwa anasugua meno, asimame mguu mmoja, kisha mwingine. Hivyo kifundo kinajifunza kutoyumba.

Mguu ukiteguka, apumzike palepale. Barafu hatuna, lakini maji baridi ya kisima tunayo: kitambaa kilichoroweshwa, dakika kumi na tano mpaka ishirini, mara kadhaa kwa siku. Fungeni kwa kitambaa bila kukaza. Vidole vikipoa au kufa ganzi, legezeni. Mguu ulazwe juu ya mto. Siku mbili tatu za kwanza msikande kwa nguvu wala kwa maji ya moto, wala msichanje, maana hapo uvimbe unaongezeka. Baada ya siku hizo aanze kuuchezesha polepole, kwani mguu uliolala sana unakuwa mgumu. Lakini kama hawezi kupiga hatua nne, kama mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, kama mguu umepinda, au kama maumivu yanamwamsha usiku, mpelekeni kwa mganga siku ileile.

Na jambo moja tuliambiane sisi wamama kwa sauti ya chini. Binti anayekimbia sana na kula kidogo, damu yake ya mwezi inaweza kukatika. Msifurahi kwamba amepumzika. Ni alama kwamba mwili hauna chakula cha kutosha, na mifupa inadhoofika. Aongezewe wali au ugali, maharagwe, karanga, sombe, ndakala, na aonwe na mganga.

Kupumzika si mwisho wa mbio. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mtoto mwaka 2018. Mwaka uliofuata alipata medali ya feza kule Doha, na akashinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021 na Paris 2024. Na dada yetu Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000 kwa jina la Kongo kule Rio de Janeiro mwaka 2016. Basi hatusemi tuwafungie mabinti wetu nyumbani. Tunasema tuwakimbize kwa akili.

Binti wetu alianza tena kwa kutembea, kisha dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, na kila alipohisi maumivu tulisimama. Sasa anasema yeye mwenyewe «leo hapana», nasi tunamsikia. Mwaka huu, siku ya mashindano, hakushinda. Alifika wa nne. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, na kesho yake asubuhi mama alimwona akielekea kisimani bila kuchechemea. Alitutumia habari hiyo kwa mtoto mwingine, pamoja na sahani ya karanga.

Wamama, mwalimu akiwaambia «mtoto wenu avumilie», muulizeni: avumilie nini, na mpaka lini? Hata mwalimu huyo akiwa ni sisi.

Tubaki na afya mpaka juma lijalo.